Mgongo wa Mama na Karatasi ya Uraia

Siku ile, mwanangu, naikumbuka mpaka harufu ya shati langu lililopigwa pasi ya makaa. Uhuru wa Kongo ulikuwa bado mchanga, miaka ile ya sitini, nami nikatoka Nyabiondo kwenda ofisi ya Masisi nikiimba njia nzima. Nilikuwa naenda kuomba uraia! Wazazi wangu walitoka Rwanda, wakalima maharagwe na mihogo katika milima hii hadi migongo ikapinda. Lakini bila karatasi ile mimi nilikuwa mkaaji tu, na shamba aliloniachia baba ningeweza kunyang'anywa.

Shahidi wangu alikuwa Papa Bahati, jirani yetu Mhunde, mwenyeji wa asili wa milima hii, mzee wa kutembea na fimbo. Kwa pupa yangu nikamwacha nyuma mlimani. Haraka haraka haina baraka, wewe unalijua hilo. Mimi nililijua kwa mdomo tu.

Karani akachukua kalamu. "Ulizaliwa wapi?"

Nikaona neno Rwanda litaniharibia. "Hapa hapa, Nyabiondo!"

Akaandika. Moyo wangu ukacheza ngoma. Ndipo Papa Bahati akaingia akihema, na karani akamuuliza, "Papa, huyu munamujua tangu wakati gani?"

"Tangu alifika mu mugongo ya mama yake. Walitoka Rwanda, mvua iliwanyesha sana. Miye njo niliwapatia moto ya kwanza na mbegu ya maharagi."

Karani akaweka kalamu chini. "Sasa nani anasema uongo?"

Njia ya mwongo fupi, mwanangu. Yangu iliishia kwenye meza ile. Nilitamani sakafu inimeze.

"Ni miye," nikasema. "Niliogopa."

Papa Bahati hakunigombeza kwa sauti. Aliniuliza tu: "Mutoto, kama ulizaliwa hapa, ile moto nilipatia nani? Na mama yako alikubeba milima yote ile, leo unamushusha mu njia?"

Nililia mbele ya watu, na suti ya marehemu baba mwilini! Karani akaichana karatasi, akatoa nyingine. "Tuanze tena. Mutu mwenye aliwapokea iko hapa, njo shahidi mwenye tulikuwa tunatafuta."

Miezi ilipita, jibu likaja: nimekubaliwa! Nilikimbia nikipiga kelele shamba hadi shamba, mama akapiga vigelegele mpaka kuku wakatawanyika. Jioni tulipeleka kikapu cha maharagwe mapya kwa Papa Bahati. Akakipokea kwa mikono miwili, kama vile yeye ndiye mgeni.

Basi, mwanangu, ukienda kuomba mahali pako duniani, usifute njia uliyopitia. Aliyekupokea anaikumbuka, na ukimficha yeye umejificha mwenyewe. Mungu akufungulie kila mlango utakaobisha, na nyuma yako asikose mzee mmoja wa kusema, "Huyu namujua, alifika akiwa mugongoni."