Mama Yake Yuko Wapi?

Ipo siku, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo mikono hunitoka jasho. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, mgeni hapa London, nina koti moja la baridi nililorithi kwa shangazi yangu wa Barking, na kazi niliyoipata kwa bahati tu, ya kuhudumia wanyama katika bustani moja pembezoni mwa jiji. Mama yangu kule Tanga alipopata habari alicheka mpaka akakaa chini. "Umevuka bahari yote hiyo kwenda kuogesha nyani?" Sikuwa naogesha nyani. Nilikuwa nahudumia lemuri.

Kama humjui lemuri, ni jamaa wa komba wetu, mwenye mkia mrefu na macho ya kushangaa. Asili yake ni Bukini, kile kisiwa ambacho ninyi wa leo mnakiita Madagaska, na ukimkuta porini kwingine basi ujue alipelekwa. Misitu ya kwao inakatwa kwa mashamba na mkaa, wengine wanakamatwa wakauzwe, na aina nyingi zimebaki chache mno. Ndiyo maana tulikuwa tunawazalisha. Usidhani ni kufungia dume na jike pamoja, basi, yamekwisha. Mkubwa wetu wa kazi alipekua ukoo wa kila mmoja kabla ya kumtafutia mwenza, ndugu na ndugu wasije wakaoana, na mwenza huyo pengine alitoka bustani ya nchi nyingine kabisa. Hata wazee wa Tanga hawachunguzi posa kiasi hicho.

Mkubwa huyo aliitwa Bi Echata. Alikuwa Mngazija aliyezaliwa Majunga, huko huko Bukini, akakulia Unguja, akasoma mpaka akawa mtafiti. Miaka mingi ya ujana wake aliipitisha msituni akiwafuata lemuri kwa miguu, kujua wanakula nini, wanalala wapi, wanalea vipi. Maneno yake yalikuwa machache na chai yake haikutiwa sukari. Mimi kwa vile sote tu watu wa pwani nilitaraji kudekezwa kidogo. Wapi!

Mwaka huo tulikuwa na lemuri mmoja jike tuliyemwita Pili, mweusi na mweupe, mwenye manyoya mengi shingoni. Alikuwa amezaa kwa mara ya kwanza, tena pacha. Aina yake huzaa mara moja tu kwa mwaka, na mwaka uliotangulia hatukupata hata mtoto mmoja, kwa hiyo bustani nzima ilikuwa ikitembea kwa kunyata. Bi Echata alitoa amri moja: chungulieni dirishani, msiingie.

Asubuhi moja nikafika kabla ya wenzangu, nikachungulia. Katika kiota cha nyasi kavu alikuwamo mtoto mmoja peke yake, analia. Mama hayupo. Pacha mwenzake hayupo.

Sasa nielewe, mwanangu. Kwetu mtoto mchanga haachwi peke yake. Mpaka arobaini itimie mzazi yumo ndani, na akitoka hata kwenda kuoga, lazima pawe na mtu wa kukaa na mtoto. Asipokuwapo mtu, bibi yangu aliweka kisu chini ya mto, kwa kuwa mtoto wa arobaini ana maadui anaowajua Mungu. Kwa sheria hizo za bibi yangu nikamhukumu Pili. Nikasema moyoni, mama gani huyu asiye na haya! Nikaingia, nikamtwaa yule mtoto, nikamviringisha katika mtandio wangu, nikaenda naye jikoni kumpashia maziwa.

Alienea katika kiganja. Alipopata joto la kifua changu akanyamaza, na mimi nilifurahi, sitakuficha. Nilijiona mwokozi. Nilikwisha kumpa na jina, na nilikwisha kujiona nikimnyonyesha kwa chupa huku watoto wa shule wakinizunguka.

Bi Echata akaingia. Sikukumbuka hata kumwamkia. Aliutazama mtandio, akanitazama mimi.

"Mama yake yuko wapi?"

"Amemtupa, Bi Echata. Nimemkuta peke yake, analia."

"Sikukuuliza umemkutaje. Nimekuuliza, mama yake yuko wapi?"

Sikujua. Wala haikunijia kumtafuta. Mara tukasikia sauti kutoka upande wa banda. Lemuri wa aina ile akiita humtambui kuwa ni mnyama wa kubebeka, ananguruma mpaka wenye magari huko nje wanageuka. Tukaenda dirishani.

Pili alikuwa kiotani. Anafukua nyasi, anatoka, anazunguka, anarudi kufukua pale pale. Juu, kwenye ubao karibu na dari, yule pacha mwingine alikuwa amelazwa salama. Nikaelewa kabla sijaambiwa. Alikuwa anahama. Lemuri wale humbeba mtoto kwa mdomo, mmoja mmoja, na mama akishamweka mahali anapopaamini huweza kumwacha akaenda kula. Alimpeleka wa kwanza, akarudi kumchukua wa pili. Hapakuwa na mtoto aliyetupwa. Palikuwa na mtoto aliyeibwa, na mwizi nilikuwa mimi.

"Ukimlea kwa chupa atakua," Bi Echata akasema, "tena atanenepa, na wageni watampenda. Lakini atajiona ni mtu. Akipelekewa mwenza atamkimbia, akizaa hatajua la kufanya. Wewe utakuwa umepata wa kumbeba, na ukoo wao utakuwa umepungukiwa na mmoja. Hao ndio tunaowahesabu kwa vidole, binti."

Aliniamuru ninawe mikono, kisha niisugue kwa nyasi za kiota. Mtoto naye tukampangusa kwa nyasi hizo hizo ili anuke harufu ya kwao. Pili alipopanda juu kumtazama yule wa kwanza, nikaingia, nikamlaza, nikatoka.

"Sasa kaa hapa," akasema.

Mtoto akaanza kulia. Mwili wangu wote ulitaka kunyanyuka. Bi Echata akaweka mkono wake juu ya goti langu, akasema, "Mchelea mwana kulia hulia yeye." Methali hiyo nimeisikia tangu naachishwa ziwa, lakini sikujua kwamba iko siku itanikalisha kitini mbele ya banda la lemuri.

Pili akashuka. Akamnusa mtoto, akajitenga, akaenda zake.

"Asipomtaka je?" nikauliza.

"Basi tutamlea sisi. Na kila utakapompa chupa utakumbuka kwa nini."

Alikuwa mkali, Mungu amrehemu, lakini mkono hakuuondoa gotini kwangu. Tulikaa. Pili akarudi, akanusa tena, safari hii akaanza kumlamba, akamlamba sana, kichwa na mgongo na pale pote nilipopashika. Kisha akamshika tumbo kwa mdomo, meno yasimwumize, akapanda naye mpaka kwenye ubao. Nikalia kama mtoto mdogo. Bi Echata akanipa karatasi ya kujifutia, akaniambia mboga za mchana hazijakatwa.

Yule mtoto, mwanangu, alikuwa jike. Alipokomaa alipelekwa bustani nyingine, akapata mwenza, akazaa, na waliomwona wakatuletea habari kwamba anawabeba wanawe kwa mdomo, mmoja mmoja. Hakuna mtu aliyemfundisha. Mimi adhabu yangu ilikuwa kusimama mbele ya kila kundi la wanafunzi na kuwasimulia nililofanya. Wiki za mwanzo niliona aibu ya kufa. Baadaye nikaipenda kazi hiyo, na ndiyo niliyoifanya mpaka nikastaafu.

Ninayakumbuka haya kwa sababu ya Jumapili iliyopita. Mjukuu wangu Salma alikuja kwangu Walthamstow, hata mkate wa mchele hajaumaliza, akanisogezea simu nione video. Lemuri yuko sebuleni kwa mtu, anakunwa mgongo, akiachwa anavuta mkono akunwe tena. "Bibi, look! So cute! Can we get one?" Anataka na sisi tupate mmoja.

Nikamuuliza, "Mama yake yuko wapi?"

"Huh? I don't know, Bibi."

Hajui. Akaitazama video tena. Mama hamna, ndugu hamna, hata tawi la mti hamna. Kochi na televisheni tu. Nikamweleza kwamba watu wakishangilia picha kama hizo, kuna mtu mahali fulani anaingia msituni kutafuta kitoto cha kuuza, na mama hatoi mwanawe kwa hiari. Salma akaichukua simu yake, akaandika kitu. Kabla hajaondoka alinionyesha alichoandika chini ya ile video, swali lile lile kwa Kiingereza: "Where's his mum?" Watu walikuwa wamecheka tu. Hakuna aliyejibu.

Basi sikia, mwanangu. Huruma ni nzuri, lakini ina haraka, na haraka haraka haina baraka. Usimhukumu mama wa watu kwa desturi za nyumbani kwenu. Ukimpenda kiumbe, mpende huku ukimwacha kwa wenzake. Nenda kamtazame, soma habari zake, uwasaidie wanaomzalisha na kumchunguza na kuulinda msitu wake, na ukiletewa picha ya kitoto kinachobembelezwa na mikono isiyo ya mama yake, usiisambaze kabla hujauliza lile swali la Bi Echata. Tena liulize kwa sauti, hata wakikucheka.

Mungu akupe macho yanayotangulia mikono. Akukuze, akuhifadhi na wako. Na siku utakayojikuta peke yako katika jiji hili kubwa, akujaalie kuwe na mtu aliye njiani anarudi kukuchukua.