Duka la Chumvi Kule Mabatini

Mvua ikianza kupiga mabati, bado namsikia baba akiniuliza, "Yafeti, utatuonyesha?" Na bado najisikia nikijibu, "Ndiyo, Baba." Kama ningeruhusiwa kurudisha kinywani neno moja tu katika maisha yangu yote, ningerudisha hilo. Halikuwa uongo wala tusi. Lilikuwa jibu la mtoto mtiifu, na watu wazima waliokuwapo walilipigia makofi.

Siku hizi naishi kwa mwanangu hapa Eldoret, mtaa wa West Indies, na nyumba yake ina vigae, kwa hiyo mvua hupita juu yetu bila kusema kitu. Lakini jirani ana banda la kuku lililoezekwa mabati yenye kutu. Mawingu yakianza kujikusanya, mimi hutoa kiti changu nje. Mke wa mwanangu hulalamika, "Mzee, utashikwa na homa ya mapafu, halafu watasema sikukutunza." Nami humwambia napenda hewa. Ninyi nitawaambia ukweli.

Wazazi wangu walitoka Maragoli kutafuta kazi, nami nikazaliwa kwenye shamba la kaburu mmoja, nyuma ya barabara iendayo Burnt Forest. Wafanyakazi walimwita Bwana Kofia, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona kichwa wazi. Mpishi wake aliapa kwamba hata kwenye karai la kuogea alikuwa nayo. Wiki nzima baba alimlimia mahindi. Jumapili alivaa koti jeusi akawa mzee wa kanisa, na tulijua kwamba hapo ndipo alipokuwa baba yetu hasa. Sisi tulikuwa watu wa jembe. Ng'ambo ya kijito waliishi watu wa ng'ombe, Wanandi, maskwota kama sisi, waliokaa kwenye ardhi ya mzungu kwa kumfanyia kazi, na mmoja wao alikuwa Kiprono, mtoto wa rika langu mwenye pengo mbele na dharau nyingi.

"Wewe mtu wa mahindi," aliniambia siku moja aliponikuta naokota kuni, "unaogopa mizimu?"

"Mkristo haogopi mizimu."

"Twende basi tukaone kama mizimu imeambiwa hivyo."

Tulipanda kilima, tukapita katikati ya miwati, miti ile ambayo magome yake huchunwa na kupelekwa kiwandani, na harufu yake tamu ikatufuata hadi juu. Hapo upepo ukageuka, nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Ilikuwa kama watu wengi wanaoguna pamoja, wakinyamaza, kisha wakiguna tena. Ukristo wangu ulitetemeka kidogo. Kiprono alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanivuta mkono, na ng'ambo ya mti wa mwisho nikaona mji.

Mji mzima, jamani, na hapakuwa na mtu. Mtaa wake ulikuwa mpana kuliko mtaa wowote wa Sisibo, ndivyo tulivyouita mji wa Eldoret, na nyasi zilikuwa zimeota ndani yake mpaka kiunoni mwangu, zikiinama na kuinuka kwa upepo. Huku na huku zilisimama nyumba za mabati, kuta mabati, paa mabati, na kilichokuwa kikiguna ni yale yaliyolegea misumari. Mbayuwayu waliingia madirishani na kutoka kama wenye nyumba. Watu wa kule walipaita Mabatini.

Baadaye nilipata kujua habari zake. Kabla ya reli kufika Sisibo, mizigo yote ilikuja kwa magari ya ng'ombe kutoka Londiani, yakikokotwa na maksai wengi kwenye matope, na Mabatini palikuwa mahali pa kulala. Mtaa ulifanywa mpana ili gari na maksai wake wote liweze kugeuka. Kisha treni ikapita kwingine. Magari yakakoma, na wenye maduka wakafunga milango, wakaenda. Lakini siku ile sikujua lolote kati ya hayo. Niliona tu kwamba mahali panaweza kuachwa na bado pakaendelea kuwapo, na nywele zilinisimama.

Kiprono alinitembeza kama mwenyeji. Alinionyesha kibanda cha mhunzi, na pete za chuma za magurudumu zikiwa zimeegemezwa ukutani, kubwa hata tukaweza kusimama ndani yake. Alinipeleka hotelini, ambako kioo kirefu kilikuwa bado kimetundikwa, kimeingia madoadoa kama yai la kanga. Kabla ya hapo nilikuwa nimejiona usoni tu, kwenye ndoo ya maji. Sasa nilijiona mzima, magoti na vidole vya miguu, na kando yangu Kiprono mzima.

"Kumbe wewe ni mfupi," akasema.

Mwisho alinipeleka kwenye duka kubwa, mwishoni mwa mtaa. Ndani palikuwa na giza, na harufu ya vumbi na samadi. Niliwasikia kabla ya kuwaona. Ulikuwa mkwaruzo mzito, kama wa mtu anayepiga ubao msasa. Macho yalipozoea nikaona ng'ombe. Walijaa dukani, wekundu na weusi na wa madoa, wamejipanga mbele ya kaunta kama wateja, na wote walikuwa wakilamba. Walilamba sakafu, walilamba kaunta, walilamba ukuta hadi mahali ulimi ulipofika, na mbao zilikuwa zimelika zikawa laini na zenye mashimo kama sabuni iliyotumika.

Bibi mmoja alikuwa ameketi juu ya kreti, fimbo mapajani. Kiprono alimwita Kogo, yaani nyanya. Alinitazama, akamwuliza mjukuu wake jambo, kisha akanimiminia mursik, maziwa ya mgando yaliyotiwa majivu, kutoka kwenye kibuyu. Nilikunywa, nikapata masharubu ya majivu, naye akacheka kwa mara ya kwanza.

Alituambia kwamba mwenye duka alikuwa akiuza chumvi kwa magunia, na magunia yalivuja kwa miaka. "Watu walikuja, watu wakaenda," alisema kwa Kiswahili chake cha kubahatisha. "Chumvi imebaki. Ng'ombe yeye najua."

Nilipotaka kutoka, Kiprono alinisimamisha mlangoni. Mzaha ulikuwa umemtoka. Alinieleza kwamba Bwana Kofia aliruhusu kila skwota ng'ombe wachache tu. Waliozidi aliwanyang'anya na kuwauza mnada, na mwenye ng'ombe alifukuzwa shambani. Hawa walikuwa waliozidi. Mahari ya dada zake ilikuwa hapa, maziwa ya watoto yalikuwa hapa, na hata yeye, alisema akijigonga kifua, mke wake yuko hapa. Aling'oa nyasi, akanipa nusu, akashika nusu. Kwao, nyasi mkononi ni amani. Mtu hawezi kuzishika na kukudhuru. Nikazishika.

Mwaka ule tulikwenda Mabatini kila tulipoweza kutoroka kazi. Mara nyingi tulikuta duka tupu, ng'ombe wakiwa mbali, kwenye bonde lenye maji nyuma ya kilima. Mara chache tuliwakuta ndani wakilamba. Nilidhani huingia wanapotaka, kama mbuzi wa mama alivyoingia jikoni. Sikuuliza. Sisi kwetu chumvi ilikuwa kitu cha kijiko.

Sasa nirudi kwa baba. Alikuwa na jambo moja lililomnyima usingizi, nalo ni shule. Tulikuwa tukisomea kwenye banda la nyasi la kanisa, nalo lilivuja hivi kwamba msimu wa mvua hesabu zilifutika kwenye vibao vyetu kabla mwalimu hajazisahihisha, na tulimshukuru Mungu. Mwalimu mwenyewe alikuwa wa kuazimwa. Misheni ilisema haitatuma mwalimu wa kudumu mpaka shule iwe na paa la mabati. Baba alikwenda kwa kila mtu kuomba mchango; watu walikuwa na upendo mwingi, lakini mabati hawakuwa nayo. "Mungu hapendi nyumba inayovuja," alikuwa akisema, na sauti yake ilizidi kupungua kila Jumapili.

Jumapili moja wazee walikaa baada ya ibada, wamevunjika moyo, na mzee mmoja akasema tuiache hiyo shule. Baba aliinamisha kichwa. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo isipokuwa katika sala. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Mimi najua mahali penye mabati mengi ambayo hayana mwenyewe."

Wote waligeuka. Baba alinishika mabegani kwa mikono yake miwili, yenye sugu, na akaniuliza swali lile. Nilikuwa na nafasi ya kusema nilikuwa nacheza. Niliwaza: ng'ombe wako bondeni, duka ni tupu, watachukua mabati waende zao, na Kiprono atanuna siku mbili. Nikawaza pia jinsi baba alivyokuwa akinitazama. "Ndiyo, Baba."

Baba, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuiba, alikwenda kumwomba Bwana Kofia ruhusa. Mabatini palikuwa ndani ya ardhi yake, naye alikuwa amepasahau. Alicheka, akasema nusu ya mabati iwe ya kanisa, nusu iwe yake, na akatuazima gari la maksai. Hatukujua kwamba atakuja mwenyewe.

Jioni ya kuamkia siku ya kwenda Mabatini mama alinionyesha mwezi mwembamba juu ya miwati, umeandama, mzuri kama ukucha. Nilifurahi. Nilidhani ni baraka ya safari.

Asubuhi waliniketisha mbele ya gari, kando ya dereva mwenye mjeledi mrefu, kwa sababu mimi ndiye kiongozi. Sitawadanganya: nilijisikia mfalme. Wazee waliimba. Bwana Kofia alitupita juu ya farasi wake pale kilimani, akaingia mjini kabla yetu. Nasi tulipoingia katika mtaa ule mpana, gari likilaza nyasi, niliwaza kwamba hiyo ni mara ya kwanza kwa miaka mingi gurudumu kupita pale, na mwili wote ulinisisimka.

Kisha nikasikia ule mkwaruzo.

Bwana Kofia alikuwa ameshashuka kwenye farasi, amesimama mlangoni pa duka. Aliingia, akatoka, akapiga mbinja ya kumwita nyapara wake. Wakaanza kuwatoa ng'ombe mmoja mmoja, pua zikiwa bado zimelowa chumvi. Kogo alitoka wa mwisho, ameshika kibuyu chake kwa mikono miwili. Baba alisimama katikati ya mtaa na koti lake jeusi. "Bwana, hatukuja kwa haya," alisema, "tafadhali, tulikuja kwa mabati tu." Akajibiwa achukue mabati yake basi.

Kiprono alikuwa kando ya mlango. Alimtazama baba, akatazama maksai, akatazama juu mpaka aliponiona.

"Yafeti," alisema, kwa sauti ya mtu anayeuliza kweli, "umekuja na gari?"

Nilishikilia ubao wa gari. Hata kushuka sikushuka.

Ng'ombe waliuzwa mnada. Kiprono na watu wake walipewa siku chache, wakaondoka kwa miguu upande wa Turbo, Kogo akitangulia. Nyumba za Mabatini ziling'olewa hadi msumari wa mwisho. Kioo kilianguka walipokuwa wakikishusha.

Nasi tukapata shule. Mwalimu alikuja, tena mzuri, na chini ya paa lile nilisoma mpaka nikapata nafasi ya sekondari, nikawa karani mjini. Mvua kubwa ikinyesha mwalimu hakusikika, ikabidi anyamaze, nasi tukae tukisikiliza. Wenzangu waliona raha. Mimi niliyajua mabati yale moja moja, na yaliyotoka kwenye duka la chumvi yaliota kutu kabla ya mengine yote. Baba hakuyatazama kamwe. Alihubiri chini yake miaka mingi macho yake yakiwa kwenye sakafu, na hakunilaumu hata siku moja, jambo lililonilemea kuliko kiboko.

Nilipokuwa mtu mzima, mfugaji mmoja aliyekaa nami kwenye benchi la ofisi alinieleza, kwa kupitisha muda tu, kwamba kwao ng'ombe walipelekwa kwenye chumvi mwezi ulipoandama. Nilitoka nje nikasimama uani. Mwaka mzima nilikuwa nimelitazama jambo hilo bila kuliona, na jioni ile mama alikuwa amenielekezea kidole.

Tangu ujana nimekuwa na ugonjwa wa miji iliyokufa. Nimepanda mabasi kwenda kuona stesheni zisizo na treni, viwanda vya mbao vilivyofungwa, vituo vidogo vilivyobaki na duka moja na mbwa mmoja. Nikifika husimama katikati ya mtaa, na ule msisimko wa zamani hunijia, miguuni hadi utosini. Nafika mlangoni pa duka la mwisho, lakini siingii.

Katika mojawapo ya safari hizo, siku ya soko, pale Chepsaita, upande wa Turbo, nilimwona mzee akifunga kondoo kamba, na alipocheka na mteja niliona pengo. Nilimwambia jina langu, na kwamba nilikuwa karani mjini. Alinishika mkono kwa heshima, akauliza habari za mvua za upande wetu. Nikamwuliza habari za Kogo.

"Alikufa mwaka uleule," alisema. "Nyasi za huku hakuzipenda. Alisema hazina chumvi."

Nikaanza kusema yale niliyokuwa nimeyabeba. Aliinua mkono polepole. "Ah, karani, tulikuwa watoto." Akaniuliza kama nimepata chai, akanielekeza mahali pa basi, akarudi kwa kondoo wake. Alinitendea vema, kama mtu yeyote mwema anavyomtendea mgeni. Jina langu hakulitaja.

Gharama ya "ndiyo" yangu ni hii. Watu walipoteza ng'ombe wao na mahali pao, na Kogo akafia ugenini. Na mimi, niliyewahi kushikishwa nyasi nikaonyeshwa mji mzima, sikupata tena rafiki mwingine wa kunionyesha kitu anachokipenda.