Siku Spika Alipoishiwa Maneno

Sokoni walimwita Spika, na jina lake la ubatizo alibaki nalo karani wa kanisa tu. Aliuza viatu vya mitumba. Alivimwaga juu ya turubai, akavinadi kwa sauti ambayo ilifika kwa wauza nyanya wa upande wa pili, nao wakajikuta wanapiga kelele bila kujua wanashindana na nani.

Kanisani alikuwa yuleyule. Maombi ya kufungua ibada yalikuwa yake, ya harusi yake, ya msiba yake, na tangi jipya la maji liliponunuliwa nalo alilibariki yeye. Aliomba akitembea huku na huku, mkono juu, na aliyesikiliza vizuri angegundua kwamba bwana yule alikuwa anamnadia Mungu. "Bwana, itazame familia hii! Familia imara, Bwana, haina kasoro!" Watu walilia. Mkewe alikaa benchi la nyuma na mkoba wake mapajani, na siku moja jirani alipomuuliza kama haoni fahari, alijibu kwamba anachoona ni njaa.

Kisha mkewe akarudi kutoka hospitali na habari ya uvimbe tumboni. Alhamisi angefanyiwa upasuaji. Spika alisimama palepale sebuleni, akavuta pumzi na kuinua mkono.

"Shusha mkono, baba watoto," mkewe akasema. "Hayo ya kanisani siyataki. Kabla sijaingia huko ndani nataka uniombee wewe, sio Spika."

Maneno yale yalimwingia kwa sababu alijua ana deni kwa mkewe, tena la miaka. Mganga hajigangi. Jioni ile alijaribu kuomba kimoyomoyo, akakuta kwamba sauti ikizimwa na maneno yanazimika nayo. Debe tupu haliachi kuvuma, wanasema, na sasa debe lenyewe lilikuwa limekaa kitandani likijiuliza lina nini ndani.

Asubuhi akaenda kwa mchungaji, mtu mwembamba mwenye mafua yasiyokwisha. Mchungaji alipomwona alidhani amekuja kudai nafasi zaidi kwenye ibada, akaanza kujitetea mapema. Alipoelewa shida, alipenga kamasi akamwambia afanye alivyofundisha Bwana Yesu: aingie chumbani, afunge mlango, aongee na Baba yake.

Ushauri mzuri, ila nyumba yao ilikuwa na mlango mmoja tu wenye komeo la kuaminika, nao ulikuwa wa stoo ya viatu. Spika akajifungia humo, akaketi juu ya robota. Sasa, viatu vya mtumba haviji viwili viwili kama wanyama wa Nuhu. Vingine huja kimoja kimoja, na Spika aliviita wajane, akavitunza kwenye gunia hadi wenzao wapatikane. Alisema, "Baba," akafumbua jicho moja, akaona kiatu cha kahawia ambacho mwenzake alikuwa guniani tangu mwezi uliopita. Akainuka kidogo tu, kuhakikisha. Alipotoka, mkewe alimuuliza maombi yamekwendaje.

"Si mabaya," akasema. "Nimeozesha wajane wanane."

Kesho yake alijifunga kitambaa machoni. Viatu hakuviona tena, lakini usingizi ulimwona yeye. Wakati huo mama mkwe alikuwa amekwisha kuwasili kuja kumuuguza bintiye, na alipopita ukumbini alisikia ngurumo kutoka stoo, zikipanda na kushuka. Mama wa watu akaamini mkwewe ananena kwa lugha. Alipiga magoti nje ya mlango, na kila mkoromo ulipoishia aliitikia amina. Kabla ya chakula cha jioni majirani wote walikwisha kuambiwa kwamba Spika sasa amezama kilindini. Spika hakumsahihisha. Aliona aibu, na aibu yenyewe ilimkosesha hamu ya kula, jambo ambalo mama mkwe alilihesabu kuwa mfungo.

Alhamisi ikafika naye hana kitu. Mkewe alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha magurudumu, amevishwa gauni la kijani lililofungwa kwa nyuma, hereni zimevuliwa. Muuguzi akasema wana dakika chache tu. Spika akamshika mkono mkewe, akafungua kinywa, na kinywa kikafuata njia kiliyoizoea.

"Bwana, mtazame mama huyu! Mama imara, Bwana, mama—"

Mkewe alimtazama. Hakukasirika, na heri angekasirika. Alikuwa amechoka tu, kama mtu aliyegonga mlango mpaka akajua kwamba ndani hakuna mtu. Spika alitafuta neno kanisani, akalitafuta sokoni, hakulipata, na alipokwisha kutafuta kote machozi yakaanza kumtoka mbele ya muuguzi.

"Bwana," akasema, kwa sauti ndogo mno hata mkewe akainua kichwa kutoka kwenye mto ili asikie. "Naogopa. Sijui nitaishije bila huyu. Nisaidie."

Wiki nzima alikuwa akimwambia kila mtu kwamba hakuna cha kuogopa.

Mkewe akaukaza mkono wake. "Hata mimi naogopa," akasema, naye akalia. "Nilikuwa nangoja mtu aseme." Wakabaki wameshikana hivyo mpaka muuguzi akawatenganisha kwa upole na kusukuma kitanda ndani.

Kwenye benchi la kungojea, mtu aliyekuwa na mgonjwa wake alimtambua, akamsihi awaombee wote kwa pamoja. Mama mkwe akampiga kiwiko ili asimame. Spika alikataa kwa heshima, akasema leo maneno yamekwisha, akaketi na mikono mapajani. Mama mkwe alifadhaika, akamwuliza kama imani imempungua. Alijibu kwamba hajui, na kwa kweli hakujua. Alijua tu kwamba hataki kuondoka pale alipoketi.

Jioni Spika akaruhusiwa kumwona peke yake. Uvimbe ulikuwa umetoka wote. Mkewe alikuwa na ulimi mzito wa dawa, lakini swali la kwanza lilikuwa kama Spika amewasumbua wagonjwa wa watu kwa maombi yake.

"Sikusema kitu," Spika akajibu. "Tulikaa tu."

"Wewe na mama?"

"Mama alikwenda kununua chai."

"Basi wewe na nani?"

Spika aliinua macho darini, akayashusha haraka, kama mvulana aliyeulizwa juu ya mchumba. Mkewe akaelewa. Akacheka mpaka muuguzi akaja mbio kuwaonya kuhusu nyuzi za kidonda, na Spika akaomba radhi kwa niaba ya wote watatu.