Siku Niliyosafiri Kwenye Buti kwa Ajili ya Mama Mkwe

Jamani, hii habari nilikuwa nimeapa siisemi, lakini kwa kuwa nusu ya mtaa wetu wa Chaani washaisikia na kila mmoja anaisimulia na chumvi yake (kuna anayesema nilikuwa nimefungwa kamba, uongo mtupu), afadhali niiseme mwenyewe, mcheke mara moja yaishe. Ndiyo, ni mimi. Ni mimi yule jamaa aliyetolewa kwenye buti la gari pale kivuko cha Likoni, mchana kweupe, suti mwilini, maua kichwani, na mama mkwe wangu ameketi ndani ya gari lilo hilo.

Sasa kabla hamjanicheka vizuri lazima mwelewe mambo ya kwetu. Mimi na mke wangu Naliaka ni watu wa Bungoma, na kwetu mtu na mama mkwe wake hawakaribiani. Humpi mkono, huketi naye kiti kimoja, hamli meza moja, na yeye hawezi kulala nyumbani kwako hata iweje. Wenzangu wa Pwani ninaofanya nao kazi kule bandarini Kipevu wakisikia hivyo hushika vichwa, maana wao mama mkwe huja akakaa mwezi mzima, akapika, na akakugombeza juu yake. Sisi la. Ndiyo maana mtu anayekaa Chaani, ambapo ndege ikitua unaisikia hadi bafuni, alilazimika kumtafutia mgeni wake hoteli.

Na huyu hakuwa mgeni hivi hivi. Mama Naliaka hakuja kwenye harusi yetu. Alisema waziwazi kwamba kijana aliyekulia bandarini hajui adabu za kwetu, kwamba bintiye ameolewa na mtu wa Mombasa, basi, na hata akipiga simu aliniita hivyo hivyo: "Yule mtu wa Mombasa yuko?" Naliaka akimaliza kuongea naye anaingia chumbani, namsikia analia, na mimi nimesimama tu pale sebuleni. Basi tulipojaliwa mtoto, Simiyu wetu, mama akasema sawa, atakuja amwone mjukuu na ajionee mwenyewe binti yake anaishi na mtu wa namna gani, na akiona dharau hata kidogo anageuza siku hiyo hiyo na asipigiwe simu tena. Naliaka aliniangalia akaniambia, "Baba Simiyu, tafadhali. Usiniharibie."

Kwa hivyo nikasema hili nitalipanga kwa akili. Hoteli tukapata Likoni, karibu na bahari (mama alikuwa hajawahi kuiona), na gari la kumtoa uwanja wa ndege nikalitafuta kwa kampuni moja inayojitangaza kwenye simu, jina lake naliacha. Nilitaka gari refu lenye safu tatu za viti: mkwe akae mbele na dereva, mimi nikae kiti cha mwisho kabisa, katikati iwe hewa. Msichana aliyepokea simu akaniambia magari makubwa yamekodiwa yote isipokuwa moja, na hilo liko kwenye ofa ya fungate, linakuja na maua na mapambo. Nikamwambia, "Nipe hilo, lakini hayo maua nitolee." Akasema, "Usijali, kaka." Na mimi, kwa ujinga wangu, sikujali.

Siku yenyewe Naliaka akatangulia hotelini na mtoto, mimi kama mwenye nyumba nikaenda kupokea. Nikavaa suti niliyofungia harusi, kwanza kwa sababu ndiyo pekee niliyo nayo, pili kwa sababu mama hakuiona ile siku yenyewe, nikafikiri angalau aione leo. Kufika pale nje wanapotokea abiria, nikamwona mzee mmoja wa makamo, kofia ya viua kichwani, ameshika bango lenye jina langu, na kuzunguka jina langu mioyo myekundu, na juu yake maandishi makubwa: KARIBUNI MAHARUSI. Nyuma yake kigari kidogo, ile steshenwagoni ambayo buti lake limeungana na viti, kimefungwa utepe mweupe kama zawadi.

"Na lile kubwa?" nikamuuliza.

"Ah, lile limekwenda kwa maharusi wa kweli, mwanangu," akasema (jina lake Bakari, mtu wa Kisauni, roho safi, simlaumu hata kidogo). "Lakini hili nalo lina baridi, wallahi utadhani friji."

Nikatoka mbio pembeni kumpigia yule msichana wa usijali, simu inaita haipokelewi, inaita haipokelewi, na nilipogeuka, mola wangu, abiria wa ndege ya Eldoret, aliyopanda mkwe, walishatoka. Mama Naliaka yule pale, kitenge, kilemba, uso haucheki. Na kando yake shangazi yake Naliaka, kwa Kibukusu chetu humwita Senge, mwanamke mkubwa wa mwili na wa sauti, ambaye hakuna aliyetuambia kama anakuja. Senge ameshaona jina langu kwenye bango anamwendea Bakari. Nikakimbia. Nikasimama mbali kidogo kama inavyotakiwa, nikainama, macho chini, nikamwamkia mkwe. Bakari kuona kijana wa suti ameinama mbele ya wanawake wawili akadhani ni haya ya harusi, akatia mkono kwenye kikapu alichotundika mkononi akachota maua ya halwaridi akatumwagia wote, mimi na mkwe wangu, akapaza sauti, "Mashallah! Mungu awape kheri na kizazi chema! Haya, bibi harusi ni yupi hapa?"

Watu wote wakageuka. Kuna mama mmoja hata simjui akapiga kigelegele.

Nikamvuta Bakari kanzu, nikamnong'oneza, "Mzee, huyo ni mama mkwe!"

"Subhanallah," akasema, na kikapu akakificha nyuma ya mgongo, kana kwamba kingesaidia tena. Senge alikuwa anacheka hadi amejishika kiuno. Mkwe hakucheka. Alikuwa anapangusa maua begani, moja moja, bila kumtazama mtu.

Nikasema twende upesi tuondoke hapa. Sasa ngoja. Senge akafungua mlango wa mbele akaketi, akatangaza kwamba yeye nyuma hutapika. Mkwe akaingia nyuma na mikoba yake. Nafasi iliyobaki ni moja, ubavuni mwa mkwe, goti kwa goti. Bakari ananiambia, "Ingia, mwanangu, nafasi tele." Nafasi tele! Nikamwambia hapana, nitawafuata kwa bodaboda. Senge akatoa kichwa dirishani.

"Ati nini? Umetuita huku halafu utuache na mtu hatumjui? Hiyo ni adabu ya wapi?"

Na nikamwona mkwe amegeuzia uso upande wa pili. Yaani nikiketi karibu naye nimemdharau, nikimwacha nimemdharau. Nilisimama pale jasho linanitoka, nikiona kabisa Naliaka anaambiwa mama yake amerudi na ndege ya jioni, na macho yangu yakaangukia buti.

"Mzee, fungua nyuma."

"Nyuma wapi?"

"Kwenye mizigo."

Bakari akanitazama kwa huruma kweli. "Mwanangu, wewe u mtu, hu gunia."

"Fungua tu, mzee wangu."

Basi nikaingia. Magoti kidevuni, mfuko wa unga wa wimbi mapajani, kitambaa cha mapambo kimenifunika kichwa. Nikajifariji kwamba si mbali, tunapita Dongo Kundu, ile barabara mpya isiyohitaji feri, iliyo wazi, hakuna wa kuniona. Hatujafika hata Changamwe nikamsikia Senge, "Dereva, nirudi Bungoma bila kupanda feri nitawaambia nini wenzangu? Tupitishe kwenye feri." Na Bakari, aliyekuwa anatafuta namna ya kufuta yale ya maua, akajibu, "Amri yako, mama." Wee! Nilitaka kupiga kelele, lakini nitampigiaje mkwe kelele kwenye kisogo? Hiyo nayo si dharau? Nikauma kile kitambaa cha mapambo. Njia nzima Senge anauliza hiki ni nini na kile ni nini, na mkwe hatoi hata neno. Huo ukimya ndio ulioniumiza kuliko mguu, na mguu wenyewe ulishakufa ganzi tangu Makupa.

Mnajua pale kivukoni kwamba gari halipandi feri kabla halijakaguliwa. Nikasikia breki, nikasikia sauti kali ya mwanamke, "Mzee, nyuma kuna nini?" Na Bakari, sijui ni aibu au ni woga, akajibu, "Mizigo tu, afande."

Mizigo tu.

Buti likafunguliwa, jua likanipiga usoni, nikapepesa. Yule mlinzi akarudi hatua nzima. "Na huu mzigo unapepesa macho?" Akaita wenzake, wakaja, nikaambiwa nitoke polepole mikono juu, na mguu hausikii amri, nikaanguka nje kwa magoti na ule mfuko wa unga. Pembeni ndiko wanakopita abiria wa miguu, na mnajua walivyo wengi. Wote wakasimama. Mmoja akasoma neno MAHARUSI lililobandikwa kioo cha nyuma akapiga ukelele, "Bwana harusi kafungiwa buti!" Simu zikatoka. Katikati ya umati nikasikia sauti ninayoijua vizuri, jamaa tunayefanya naye zamu Kipevu: "Si huyu ni Wekesa wetu?" Nikajua kesho nimekwisha.

"Nani amekuweka humu?" mlinzi akaniuliza.

"Nimejiweka mwenyewe."

"Kwa nini?"

Nikiwa bado kwa magoti nikasema ukweli, "Kwa sababu ya mama mkwe."

Ala! Ndipo kikaumana kweli. Kicheko kikapasuka kutoka huku hadi kule, watu wakaanza kuchungulia ndani ya gari, wananyoosha vidole, "Mama mkwe ndiye huyo! Kamtia mkwewe butini!" Na hapo, wenzangu, ndipo nilipogeuka kulitazama gari. Mimi wanicheke, sawa, mimi ni wa hapa, nimezoea. Lakini yule mama siku yake ya kwanza Mombasa anaonyeshwa vidole kama mchawi, na aliyemletea hayo ni mimi. Nikamwomba Mungu kimoyomoyo hata feri iondoke na mimi niko chini yake.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Mkwe akashuka. Akasimama mgongo amenipa mimi, kama inavyotakiwa kwetu, uso kwa yule mlinzi, na akasema taratibu, bila kupandisha sauti:

"Mama, usimsumbue. Huyo ni mtoto wangu. Kwetu haketi karibu na mimi, ndiyo heshima yetu, na hili gari limekuwa dogo. Amekubali kujikunja huko kama nguo ili asinivunjie heshima. Wewe una mkwe wa kukufanyia hivyo?"

Jamani. Niliposikia "mtoto wangu" nilibaki pale pale kwa magoti. Sikusimama. Machozi yalinitoka na sikuyafuta, na waliopiga picha wamenipiga nikilia, ndiyo hiyo mnayotumiana.

Yule mlinzi akamtazama mkwe, akanitazama mimi, na sauti yake ikalegea kabisa. "Kwetu pia iko, mama," akasema. "Lakini wa kwangu angenitia mimi butini." Umati ukacheka tena, ila sasa kicheko kilikuwa kingine, na kuna mtu akapiga makofi. Kisha akanigeukia, "Na wewe, kijana. Watu wa miguu wanavuka pale. Wao wapite na gari, wewe uvuke na wenzako. Hilo hukulifikiria?"

Hapana, sikulifikiria. Nilikuwa nimefikiria safu tatu za viti na hewa katikati.

Basi nikavuka kwa miguu, jamaa wa Kipevu ananishika mkono kwa sababu ya ganzi, na kila hatua namwambia, "Umesikia alivyoniita? Umesikia lakini?" na yeye ananijibu nimesikia, bwana, feri nzima imesikia, tembea.

Sasa mkiniuliza nimejifunza nini, nitawaambia: mkwe akija tena nitakodi basi zima, tena kwa kampuni ambayo nimekwenda ofisini kwao kwa miguu yangu nikalipapasa gari kwa mkono, na akitokea mtu wa kuniambia usijali, tutaanza upya mazungumzo kutoka salamu.

Ila hotelini nilifika wa mwisho, kwa tuktuk, nikasita nje ya mlango wao. Ndani nilisikia Simiyu anabembelezwa kwa Kibukusu, sauti ile ile ya mkwe, ya taratibu, ya mtu asiye na haraka ya kuondoka. Naliaka akatoka, macho mekundu, nikashtuka, kumbe alikuwa ametoka kucheka na kulia pamoja. Akanishika koti.

"Mama anauliza," akasema, "mtoto wake amefika?"

Nikamwambia, mwambie amefika.