Dawa za Majani Nilizompa Babu Yako

Nakumbuka, mwanangu Shabani, alasiri moja nimesimama jikoni kwetu hapa Temeke, chujio mkononi, sufuria ya majani ya mlonge ikitoa mvuke, nami nashindwa kumimina. Kwa wiki nzima sikuwa nimelala vizuri kwa sababu ya swali moja. Nikiacha kumpa babu yako dawa hii, kisha hali yake ikawa mbaya, si nitakuwa nimemtupa? Na nikiendelea, je, kama dawa yenyewe ndiyo inayomuumiza? Nililigeuza swali hilo mara hivi, mara vile, hadi mvuke ukapungua. Mwishowe nikamimina. Laiti ningeiacha sufuria pale pale nikaenda kukaa naye tu.

Najua unacheka nikikuita mwanangu na mimi mwenyewe nina miaka ishirini na saba. Lakini wewe ni mtoto wa kaka yangu, kwa hiyo ni wangu, na kwa jambo hili nimekutangulia njia. Mwezi ujao naanza kazi Dodoma, na baba yako amesema utakuja likizo kumuuguza babu. Basi kabla hujashika kijiko, sikiliza nilivyokosea.

Babu yako, unakumbuka, alikuwa fundi wa kanzu. Watu walitoka hadi Kinondoni kuja kwake kwa ajili ya shingo ya kanzu tu, ile tarizi ya mkono. Siku moja mkasi ukamponyoka. Akasema ni uchovu. Wiki iliyofuata kidole gumba hakikuweza kubana sindano. Tukasema ni uzee, tukasema ni baridi yabisi, tukapima sukari. Miguu ikafuata, kisha ulimi ukawa mzito, na watu wasiomjua wakamdhania mlevi, yeye ambaye hajawahi hata kunusa pombe. Ilipita karibu mwaka mzima ndipo daktari akatueleza: neva zinazoiamrisha misuli zinakufa kidogo kidogo. Akili yake inabaki nzima. Ugonjwa hauna dawa ya kuuponya. Vipo vidonge vya kupunguza kasi kidogo, lakini navyo kuvipata kwetu ni shida.

Neno "hauna dawa" sikulikubali. Mimi niliyesoma mimea chuo kikuu miaka mitatu! Nilijiona nimesomeshwa kwa ajili ya siku hiyo hasa. Kila mgeni aliyekuja kumjulia hali babu alikuja na kifuko: huyu habbasoda, yule magome ya mwarobaini, mwingine mizizi kutoka Lindi iliyomwinua mjomba wake aliyepooza. Sikumuuliza mtu yeyote mjomba huyo alipooza kwa ugonjwa gani. Huenda kilikuwa kiharusi, ambacho mtu huweza kupata nafuu hata bila mzizi. Nikawa nasoma kwenye simu mpaka macho yananiuma. Nilikuta maandishi kuhusu manjano, kuhusu mlonge, kuhusu majani ambayo hata jina lake sikuwahi kulisikia darasani. Na nilijua, mwanangu, hili ndilo linalonichoma, nilijua kwamba mengi ya hayo yalijaribiwa kwa panya au kwenye chembe hai ndani ya kisahani cha maabara. Nilifundishwa tofauti ya kisahani na mtu. Nikaamua kuisahau.

Nikaenda Pugu kwa Bi Mwanahawa, mama mtu mzima anayeuza dawa za miti, mcheshi, mwenye jina zuri. Nisikufiche: hakuwa tapeli. Nilimsalimu, akaniketisha, na jambo la kwanza aliniuliza:

"Mgonjwa wako anameza?"

"Anameza, bibi."

"Hata maji? Hapaliwi?"

"Hata maji."

Nilisema uongo. Babu yako alikuwa ameshaanza kupaliwa na chai. Lakini niliogopa nikisema kweli ataninyima dawa. Akanifungia majani ya mlonge na magome, akaniagiza nichemshe, nichuje hadi iwe nyepesi kama maji, nimpe kikombe asubuhi, mchana na alasiri, na wala nisichanganye na uji kwa sababu chakula kinaipunguzia nguvu.

Siku tatu baadaye tulikuwa na zamu yetu ya hospitali. Sista anayehudumia wagonjwa wenye shida ya kumeza akamnywesha babu maji kwa kijiko, akamsikiliza koo, kisha akanigeukia.

"Dada, kuanzia leo hakuna kitu chepesi. Maji, chai, supu, vyote vizito kama uji wa kijiko. Akae wima, kidevu kikiinamia kifuani, ndipo ameze. Vinginevyo vinaingia mapafuni. Umenielewa?"

"Nimeelewa, sista."

"Na mitishamba? Mnampa?"

"Hapana."

Akacheka. "Kila mtu huku ananiambia hapana, halafu nikienda kumwona mgonjwa wodini nakuta chupa ya kijani chini ya kitanda."

Nami nikacheka naye. Babu yako alinitazama kutoka kwenye kiti chake.

Basi ndivyo nilivyoishi mwezi na zaidi. Chai yake niliikoroga kwa unga hadi ikasimama, maji yake nikayafanya mazito, nikajiona muuguzi hodari. Kisha zikifika zile nyakati tatu za dawa, namletea kikombe chepesi kama maji, na kumshikia mdomoni. Huku namfuata sista, huku namfuata bibi wa Pugu, na kila mmoja nimemficha mwenzake. Mtu pekee aliyejua yote mawili alikuwa mimi. Na babu yako.

Mwanzoni alikuwa akinitania kwa kutaja mbuzi wa jirani. Alisema polepole, neno moja kwa pumzi, "Mbuzi wa Mama Rehema… wanakula vizuri… kuliko mie." Nilimwambia, "Kunywa, baba, acha maneno." Alikunywa. Alikohoa, macho yakamtoka maji, nikampigapiga mgongo, akanywa kilichobaki. Nikaandika kwenye daftari kwamba leo mkono wa kulia umeonekana una nguvu zaidi. Haukuwa na nguvu zaidi. Nimelirudia daftari lile mara nyingi, na ninaona mwandiko wa mtu anayetaka kuona kitu.

Alasiri ile niliyokwambia, baada ya kumimina, nilimpelekea kikombe chumbani. Alikuwa amechoka, amelegea upande mmoja, na sikumweka wima kwa sababu dawa ilikuwa inapoa. Funda la pili likampalia. Hakukohoa kwa nguvu, hana nguvu hizo tena. Alitoa sauti ndogo ya maji, midomo ikabadilika rangi. Nikamwinamisha, nikapiga kelele, jirani akaja, tukamrudishia pumzi. Nikasema alhamdulillahi, yamepita. Siku ya pili yake homa ikapanda, kifua kikawa kinakoroma, tukampeleka hospitali. Nimonia.

Daktari aliponiuliza kama alipaliwa na kitu, kwa mara ya kwanza nilisema yote. Majani, magome, vikombe vitatu, Pugu, uongo wangu kwa sista. Nilitegemea kufokewa. Hakunifokea. Alisema tu, "Ungetuambia, tungetafuta namna." Afadhali angenifokea.

Babu yako alipona nimonia, lakini hakurudi alipokuwa. Kabla yake alikuwa akitembea kwa kushikwa hadi barazani. Tangu siku ile hajatembea. Huenda ugonjwa ungemfikisha hapo hata bila mimi, ndiyo, nimejiambia hivyo mara nyingi, na sijui. Kutokujua huko nitakaa nako.

Aliporudi nyumbani nilikaa kando ya kitanda chake. Majani yalikuwa bado yamebaki kabatini, na akili yangu, usiishangae, ilikuwa imeshaanza tena: labda sasa niyachanganye na uji, labda kipimo kiwe nusu. Nikatambua kwamba katika miezi yote hiyo nilikuwa nimeuliza simu, nimeuliza wageni, nimejiuliza mwenyewe, na sijamuuliza yeye.

"Baba, hii dawa ya majani, unaitaka?"

Akatikisa kichwa. Hapana.

"Tangu lini huitaki?"

Alichukua muda mrefu kuyatoa maneno. "Tangu… mwanzo."

"Sasa ulikuwa unakunywa ya nini?"

"Nilikuwa… nakuhurumia."

Mwanangu, nilitoka nje nikalia nyuma ya tangi la maji. Kwetu mgonjwa hakatai kikombe alicholetewa na mtoto wake. Ataonekana hathamini. Kwa hiyo mtu aliyekuwa akipaliwa alikubali kupaliwa mara tatu kwa siku ili mimi nisijione sina la kufanya.

Nilipomaliza kulia nilitoa majani yote kabatini, nikayamwaga. Siku iliyofuata nikaenda Pugu kumwambia Bi Mwanahawa ukweli. Alinisonya kwanza. "We mtoto, nilikuuliza kwa Kiswahili!" Kisha akasema, "Mtu asiyemeza maji simpi cha kunywa mimi. Mkande mikono kwa mafuta ya ufuta, apate kustarehe tu. Nguvu haitarudi, usije ukasema nilikuahidi hiyo." Kutoka pale nikampigia sista simu, nikamuuliza kuhusu mafuta, akaniruhusu. Tangu hapo kila alasiri namkanda babu yako vidole, kimoja kimoja, na yeye ananielekeza kwa macho nihamie wapi.

Basi nakuusia. Watakuja watu na vifuko vyao. Wapokee kwa heshima, wanampenda babu. Lakini kitu chochote kisipite mdomoni mwake kabla sista hajajua. Ukiulizwa na mganga kuhusu hospitali, sema. Ukiulizwa na hospitali kuhusu mganga, sema. Usimfiche mmoja ili umridhishe mwingine, maana anayelipia ni aliyelala kitandani. Mpigie sista jioni ya kwanza tu ukifika, namba nimeibandika mlangoni. Na kila siku, kabla ya kufanya lolote, muulize mwenyewe, kisha usubiri jibu hata likichelewa. Hofu yako usimnyweshe yeye.

Mwenyezi Mungu aikunjue mikono yako iwe myepesi kwa babu yako, akupe subira ambayo mimi nilichelewa kuipata, na akujaalie siku ukiwa mgonjwa upate mtu wa kukuuliza unataka nini. Amina.