Msimamizi Anayepiga Magoti

Mafundi wenzake walimwita Milimita, kwa kuwa kigae kikimpanda mwenzake hata kwa unene wa unywele, alikibandua. Alikuwa na miaka arobaini na tisa, na ishirini na sita kati ya hiyo aliipitisha kwa magoti, akitandaza vigae katika bafu na sebule za watu.

Goti lililomfikisha kwa daktari halikuumia kazini. Liliumia Jumamosi moja uwanjani, wenye ndoa walipocheza mpira na makapera. Milimita aligeuka ghafla kumkaba kapera mmoja. Mwili ukaenda, mguu ukabaki. Kitu kikalia "ko!" ndani ya goti.

"Kano ya katikati imekatika," daktari alimwambia baada ya kutazama picha. Alikuwa mwanamke mpole, rika la binti yake mkubwa. "Baba, unafanya kazi gani?"

Milimita alihofu kwamba akitaja vigae, atakatazwa. Uongo ukamponyoka. "Msimamizi wa ujenzi."

"Afadhali. Kwa umri wako, mtu wa kusimama na kuelekeza, mara nyingi mazoezi yanatosha. Tusikimbilie kisu."

Alifanya mazoezi miezi mitatu bila kukosa. Kazini pia alirudi, kimyakimya. Goti halikumuuma sana. Lilikuwa likimtoroka tu. Mpaka siku moja, bafuni, aliinuka na kigae mkononi, akageukia mwiko, goti likachomoka kama mlango uliong'oka bawaba. Akaanguka kwa ubavu juu ya saruji mbichi.

Mkewe alipouona uvimbe hakupiga kelele.

"Daktari umemdanganya. Na goti nalo utalidanganya?"

"Niache, mama."

"Sikuachi. Kesho tunakwenda wote."

Daktari alimpandisha suruali, akapitisha kidole kwenye sugu za magotini, nyeusi, ngumu kama soli.

"Baba, msimamizi gani huyu anayesimamia kwa magoti?"

Mkewe alicheka peke yake. Milimita aliinamisha macho sakafuni.

"Ni fundi vigae, mwanangu. Niliogopa utanikataza."

Daktari hakumgombeza, na hilo ndilo lililomtia aibu zaidi. Alimweleza kwamba goti kila linapochomoka linasaga gegedu, ule ulaini unaotenganisha mifupa, na picha mpya ilionyesha umeanza kuchakaa. Kwa kazi yake, sasa upasuaji ulikuwa na maana: angechukua kano nyuma ya paja la Milimita mwenyewe, aipandikize gotini. Kisha miezi tisa bila kugusa kazi ya magoti.

"Miezi tisa tu?" mkewe akadakia. "Mimi nimeibeba mara nne."

"Wewe ulijua kitakachotoka," Milimita akamjibu. Akamgeukia daktari. "Nitapiga magoti tena?"

"Kutembea bila goti kukutoroka, nina matumaini makubwa. Kupiga magoti kutwa nzima, siwezi kukuahidi, baba."

"Na nisipopasuliwa?"

"Litaendelea kusagika."

Alitia sahihi fomu ya kukubali upasuaji. Kisha akatoka kwenda ukumbini akichechemea, akampigia simu kiongozi wa mafundi.

"Tafuteni mtu amalizie lile bafu."

"Sawa. Tukungoje mpaka lini, Milimita?"

Aliegemea ukuta, simu sikioni, akitafuta jibu ambalo si uongo.