Ahadi Aliyopewa Mbuke

Mwalimu Lea alirudi kutoka Iringa na cheti, daftari lililojaa, na imani kubwa kuliko vyote viwili. Kwa siku tano alikuwa amefundishwa namna ya kumpokea mwanafunzi mgeni asiyejua Kiingereza. Sasa alitakiwa kuwafundisha wenzake katika sekondari ya kata aliyokuwa akifundisha, kwenye tambarare za Usangu.

Wageni hawakukosekana. Kila mwaka familia za Kisukuma zilihamia pale na ng'ombe wao, na watoto wakaingizwa kidato cha kwanza katikati ya muhula, kozi ya mwanzo ya Kiingereza imekwisha, Kiswahili chenyewe bado wanakitafuta. Shuleni walikutana na kibao. Kilikuwa kipande cha mbao chenye kamba, na aliyenaswa akisema lugha isiyo Kiingereza alikivaa shingoni, kisha jioni akadeki vyoo. Ndiyo kusema vyoo vya shule ile vilidekiwa na Wasukuma.

Katika ofisi ya walimu Lea aliomba mambo mawili tu: kibao kiondolewe, na mgeni asiitwe kusema mbele ya darasa mpaka atakaponyoosha mkono mwenyewe.

"Mtoto husikiliza kwanza," alisema. "Ukimvuta ulimi kabla ya wakati, unaufunga."

"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, madam," alijibu Liberatus, mwalimu wa taaluma. "Mimi Kihehe kilinivisha kibao miaka minne. Leo siyo nafundisha fizikia?"

"Na wenzako mliovishwa pamoja, wako wapi?"

"Wako Mafinga, wanapasua mbao."

Ofisi nzima ikacheka, na Liberatus mwenyewe akacheka. Mkuu wa shule, Mwalimu Ombeni, akaamua kibao kifungiwe kabatini, na wageni wasiitwe mbele, hadi Juni. "Tuone," alisema.

Mbuke, binti wa mzee Masanja, alikuwa amehamia Machi. Lea alimwita pamoja na Violet wa kidato cha tatu, Msukuma mwenzake, awatafsirie.

"Mwambie hakuna mwalimu atakayemwita mbele. Akiwa tayari atanyoosha mkono."

Mbuke alinong'ona kitu, na Violet akaona haya kukisema.

"Anauliza, hata wewe?"

"Hata mimi."

Mbuke akaanza kuandika. Mwishoni mwa Mei alikuwa na ukurasa mzima wa Kiingereza kuhusu ndama aliyevuka mto, umejaa makosa, lakini wake mwenyewe. Lea aliusoma mara tatu.

Juni akaja afisa kutoka wilayani kuona kama mafunzo yale yanafaa kupelekwa shule nyingine. Lea alimwonesha daftari la Mbuke darasani. Afisa akafunua kurasa mbili.

"Maandishi ni maandishi, madam. Nitajuaje hakuandikiwa? Anazungumza?"

Liberatus alikuwa amesimama mlangoni, anatabasamu.

Hapo ndipo Lea alipoanguka, na asisingiziwe mtu mwingine. Angeweza kusema "bado", neno moja tu, na angesema kweli. Lakini alitaka kushinda. Akamwita Mbuke mbele, amwambie afisa jina lake na alikotoka.

Sentensi hizo mbili Mbuke alizijua. Alisimama, akamtazama Lea, hakumtazama afisa. Midomo ilifunguka, sauti isitoke. Kutoka viti vya nyuma mtu akalia kama ng'ombe, na darasa likaangua kicheko. Afisa akaandika kitu kwenye karatasi yake. Mbuke alirudi kwenye dawati, akakusanya madaftari taratibu, akatoka.

Jumatatu hakuja. Jumanne Lea akapanda bodaboda hadi kwa Masanja. Mzee alimtolea kigoda na maziwa, kama mtu mwenye adabu.

"Mwalimu, mimi sikumwachisha. Kasema harudi."

"Naomba nizungumze naye, baba."

"Alikuwa hapa. Kasikia pikipiki yako, kaenda shambani. Kimetokea nini huko? Kwetu hasemi."

"Nilimwahidi jambo, nikalivunja."

"Aa. Huku kwetu mtu akivunja ahadi, wazee wanamtoza ng'ombe, yanaisha. Nyie walimu mnafanyaje?"

Lea alisubiri hadi jua likaanza kushuka, na msichana hakutokea. Masanja alimsindikiza hadi njiani, akamtakia safari njema.

Jumatano kibao kikatolewa kabatini. Hakuna aliyebishana. Mwalimu Ombeni aliuliza kama Madam Lea ana neno, naye akasema hana. Angesema nini, na kwa uso upi? Walimu kumi na mmoja walikuwa wamejifunza kwake kwamba kanuni ile ni ya kushikwa afisa asipokuwepo.

Majuma matatu yalipopita, alifungua daftari la mahudhurio. Mbele ya jina la Mbuke aliandika "mtoro", kwa kuwa sababu nyingine haikuwa na mahali pa kuandikwa, akaendelea na jina lililofuata.